Sindano ya Mgongo na Chupa ya Morfini: Safari ya Dawa ya Maumivu ya Saratani

  Leo tunazungumza juu ya maumivu ya saratani, ule ugonjwa ambao wengi wetu huuita kansa. Leo hatuzungumzi juu ya kuuponya. Tunamzungumzia yule mgonjwa ambaye ugonjwa wake umekwisha kuenea mwilini, madaktari wamesema hautapona, naye amerudi nyumbani, pengine Mbololo, Sagalla, Mgange au Taveta. Usiku halali. Anaugua na kulia. Nawe uko kando ya kitanda chake na vidonge vya maumivu ulivyonunua dukani, na vidonge hivyo havimsaidii tena.

Watu wengi husema, "Kansa ndivyo ilivyo, ni lazima iume." Je, ni kweli? Hapana, mama. Maumivu mengi ya saratani yanaweza kutulizwa, na ujuzi wa kuyatuliza umekuwapo kwa miaka mingi. Hebu tuifuate historia yake. Ukijua dawa hii ilitoka wapi, na kwa nini ilichelewa kufika kwetu, hutaogopa kuiuliza hospitalini.

MAUMIVU HUSAFIRI NAMNA GANI?

Fikiria stesheni ya Voi. Garimoshi la zamani kutoka Taveta lilifika hapa, na hapa ndipo reli yake ilipoungana na reli kuu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Mzigo wa Taveta haukuweza kufika Nairobi kwa reli bila kupitia Voi.

Maumivu nayo yana njia yake. Uvimbe ukibonyeza mfupa, tumbo la uzazi au mguu, habari hupita katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye uti wa mgongo. Hapo huingia katika njia kuu na kupanda hadi kwenye ubongo. Habari ikifika kwenye ubongo, ndipo mtu husema, "Naumwa."

Kwa hiyo kuna mahali pawili pa kuyazuia maumivu. Unaweza kutuma dawa mwilini mote kupitia damu, ifike kwenye ubongo na kwenye uti wa mgongo. Au unaweza kuweka dawa pale pale stesheni, kwenye mgongo, ili habari isipande. Historia yetu ya leo ni ya njia hizo mbili: chupa ya kunywa na sindano ya mgongo.

DAWA ILIYOTOKA KWENYE UA

Tangu zamani za kale watu walijua kwamba utomvu wa mmea wa mpopi hutuliza maumivu. Utomvu huo ndio afyuni, au kasumba. Shida yake ilikuwa moja: hakuna aliyejua ndani yake mna nguvu kiasi gani. Leo kijiko kimoja kingetuliza, kesho kijiko kile kile kingeua.

Karibu na mwaka 1805, kijana mmoja wa duka la dawa nchini Ujerumani, Friedrich Sertürner, alifaulu kuitoa ile dawa yenyewe ndani ya afyuni ikiwa safi. Aliipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki wa kale, nasi leo tunaiita morfini. Sasa dawa iliweza kupimwa. Mwaka 1853 Alexander Wood, daktari wa Edinburgh huko Scotland, alianza kuwapa wagonjwa dawa kwa sindano yenye tundu. Tangu hapo morfini ikawa dawa ya sindano, na zaidi ya yote ikawa dawa ya vita.

Vita hivyo vilipita hata kwetu. Mwezi wa Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Mwezi wa Februari 1916 Waingereza na wenzao walipigana nao kwenye kilima cha Salaita, na makaburi ya wanajeshi bado yako Voi na Taveta. Madaktari wa majeshi ya wakati ule walikuwa na morfini kwa ajili ya majeruhi. Kwa hiyo dawa hii si ngeni, wala si ya majaribio. Lakini kwa miaka mingi baada ya vita ilibaki kuwa dawa ya majeraha na upasuaji. Mgonjwa wa saratani aliyelala nyumbani hakufikiriwa.

SINDANO YA MGONGO

Mama aliyejifungua kwa upasuaji huenda akaikumbuka sindano ya mgongo. Unaketi, unainama, daktari anadunga, na baada ya dakika chache miguu inakufa ganzi huku wewe uko macho.

Daktari Mjerumani, August Bier, ndiye aliyeanza kutumia sindano ya namna hiyo kwa upasuaji, mwaka 1898. Yeye na msaidizi wake walijaribiana wenyewe. Msaidizi aligongwa nyundo kwenye muundi wa mguu asisikie kitu. Siku zilizofuata wote wawili waliumwa, na Bier mwenyewe alilala siku kadhaa kwa kuumwa na kichwa.

Mwaka 1921 Fidel Pagés, daktari wa jeshi la Hispania, alieleza njia nyingine. Sindano yake haikuingia hadi kwenye maji yanayouzunguka uti wa mgongo. Iliishia nje kidogo ya utando unaoufunika. Njia hii ndiyo inayoitwa epidurali. Pagés alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 1923, na kazi yake ikasahauliwa kwa muda kabla ya wengine kuiendeleza. Mwaka 1947, huko Havana nchini Cuba, daktari Manuel Martínez Curbelo alipitisha mrija mwembamba ndani ya sindano na kuuacha mgongoni. Hapo ndipo ikawezekana kuongeza dawa kidogo kidogo bila kumdunga mtu upya kila mara.

Lakini wakati huo dawa iliyotiwa mgongoni ilikuwa ya ganzi. Ganzi huzuia maumivu, ila hulegeza pia miguu. Mgonjwa wa saratani angewezaje kuishi hivyo siku baada ya siku?

Jibu lilikuja mwaka 1979. Madaktari wa Mayo Clinic huko Marekani waliwatia wagonjwa 8 wa saratani morfini kidogo ndani ya yale maji ya uti wa mgongo. Mwaka huo huo madaktari wa Jerusalem walieleza jinsi walivyotia morfini kwa njia ya epidurali. Maumivu yalitulia kwa saa nyingi, na miguu haikufa ganzi. Dozi iliyohitajika ilikuwa ndogo sana kuliko ile ya kunywa, kwa sababu dawa iliwekwa pale pale kwenye njia ya maumivu.

Je, mama, hii ndiyo dawa ya kila mgonjwa wa saratani? La. Sindano hii inamhitaji daktari wa nusukaputi aliyefunzwa. Mrija unahitaji usafi mkubwa, kwa maana vijidudu vikiingia mgongoni vinaweza kuleta homa ya uti wa mgongo. Anahitajika mtu wa kuangalia pumzi ya mgonjwa na kubadilisha dawa. Kwa hiyo epidurali ni ya wachache: wale ambao dawa ya kunywa imeongezwa na kurekebishwa vizuri, na bado maumivu hayajatulia, au dawa yenyewe inawaletea madhara yasiyovumilika. Mara nyingine ni saratani iliyobana mishipa ya fahamu kwenye nyonga. Kwa mgonjwa kama huyo ni haki yako kumwuliza daktari, "Je, kuna sindano ya kuzuia maumivu inayoweza kumsaidia?"

Kwa wengine wote kuna njia rahisi zaidi, na inayofika mpaka nyumbani.

CHUPA INAYOKWENDA NYUMBANI

Huko London aliishi mama mmoja aliyeitwa Cicely Saunders. Alianza kama muuguzi, akaumia mgongo, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari. Aliona jinsi wagonjwa wa saratani walivyodungwa morfini pale tu walipolia. Dawa ilikwisha nguvu, maumivu yakarudi, mgonjwa akalia tena, akadungwa tena. Saunders aliligeuza jambo hilo. Alitoa dawa kwa mdomo, kwa saa maalum, kabla maumivu hayajarudi. Wagonjwa wakaweza kulala, kula na kuzungumza na jamaa zao. Mwaka 1967 alifungua Hospisi ya St Christopher's. Alifundisha pia kwamba maumivu si ya mwili peke yake. Kuna ya moyo, ya roho, na ya kufikiria watoto watabaki na nani.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa nchi zote. Ulisema dawa itolewe kwa mdomo, kwa saa, na kwa ngazi. Ngazi maana yake ni kuanza na dawa nyepesi kama parasetamoli. Maumivu yakizidi, hupandwa mpaka dawa ya kati, na yakizidi tena mpaka morfini.

Afrika, hospisi ya kwanza ilianza Harare, Zimbabwe, mwaka 1979. Kenya ilipata ya kwanza mwaka 1990, Nairobi Hospice, iliyo katika uwanja wa Hospitali ya Kenyatta. Daktari wake wa kwanza alikuwa Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyewahi kufanya kazi Nigeria na Singapore. Yeye alikuja na njia rahisi ya kutengeneza morfini ya kunywa: unga wa morfini, maji safi, na dawa kidogo ya kuzuia isiharibike. Mwaka 1993 alikwenda Kampala na kuanzisha Hospice Africa Uganda akiwa na fedha za miezi mitatu tu. Alifariki mwaka 2025, na hospisi ile ingali ikifanya kazi.

Uganda ilifanya jambo jingine la maana. Mwaka 2004 ilibadilisha kanuni zake ili wauguzi na maafisa wa kliniki waliofunzwa kazi hii waruhusiwe kuandika morfini. Kabla ya hapo ni daktari tu aliyeweza, na vijijini madaktari ni wachache. Chupa za huko hutiwa rangi mbalimbali kulingana na nguvu ya dawa, ili hata asiyejua kusoma asikosee.

KWETU ILICHELEWA KWA NINI?

Hapa kuna jambo la kusikitisha, mama. Dawa ya kunywa ilikuwa ya bei nafuu, na ujuzi ulikuwapo Nairobi tangu mwaka 1990. Lakini mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilipochunguza Kenya, lilikuta kwamba kati ya hospitali za umma zipatazo 250, ni 7 tu zilizokuwa na morfini. Uchunguzi huo ulihusu hasa watoto wagonjwa. Fikiria mtoto anayelia kwa maumivu makali, na dawa ya kumtuliza haiko katika duka la dawa la hospitali.

Kilichozuia ni nini? Woga ulichangia sana. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 juu ya dawa za kulevya ina adhabu kali, na heroini, ule unga unaoharibu vijana wetu wa Pwani, hutengenezwa kutokana na morfini. Wahudumu wengi wa afya waliogopa hata kuigusa. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu morfini itumike kwa tiba. Hata mkataba wa dunia wa mwaka 1961 wa kudhibiti dawa za kulevya unasema wazi kwamba dawa hizi ni za lazima katika kutuliza maumivu, na kwamba nchi zinapaswa kuhakikisha zinapatikana.

Tangu wakati huo kazi kubwa imefanyika. Chama cha hospisi nchini, KEHPCA, kimesaidiana na Wizara ya Afya kufunza wahudumu na kuanzisha vitengo vya kutuliza maumivu katika hospitali za umma. Mwaka 2021 serikali ilitoa sera ya taifa ya huduma hii, inayoitwa huduma shufaa. Huku Pwani kuna Coast Hospice, mjini Mombasa.

HOFU MBILI ZA NYUMBANI

Woga haukuwa wa madaktari peke yao. Nasi walezi tunao wetu.

Hofu ya kwanza: "Mgonjwa wangu atakuwa teja." Hapana. Teja hutafuta dawa ili alewe, na huacha kazi na watu wake kwa ajili yake. Mgonjwa wa saratani anatafuta usingizi na nafuu, na akitulia hurudi kwa watu wake. Ni kweli mwili huizoea dawa, ndiyo maana haikatizwi ghafla, bali hupunguzwa polepole kwa maagizo ya daktari. Kuzoea huko kwa mwili si uteja.

Hofu ya pili: "Morfini ni dawa ya kufa. Ukipewa hiyo, umekwisha." Hofu hii ilitokana na desturi ya zamani ya kuichelewesha mpaka siku za mwisho kabisa. Mgonjwa akipewa leo na kufa kesho, watu husema dawa ndiyo iliyomuua. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo. Wapo wanaoitumia kwa miezi mingi huku wakiketi uani, wakila kimanga chao na kuzungumza na wajukuu.

UFANYE NINI, MAMA?

1. Muulize mgonjwa wako maumivu yako wapi na yana ukali gani, kutoka 0 mpaka 10. Kama hawezi kuhesabu, atumie vidole vya mkono mmoja: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mwamini anavyosema.

2. Nenda hospitalini ukaseme. Kama mgonjwa hawezi kusafiri, nenda wewe na karatasi zake, au umtume mhudumu wa afya ya jamii. Uliza katika Hospitali ya Moi hapa Voi, au Wesu, Mwatate na Taveta. Kama dawa haipo, omba barua ya kwenda Mombasa. Tumia maneno haya: "Naomba huduma ya kutuliza maumivu."

3. Ukipewa morfini ya kunywa, fuata saa. Kwa kawaida ile ya maji hutolewa kila baada ya saa 4. Usingoje alie. Usiongeze wala kupunguza kipimo bila kuuliza, na pima kwa kifaa ulichopewa, si kwa kijiko cha jikoni.

4. Omba dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo, kwa maana morfini hufunga choo kwa karibu kila mtu. Mpe maji na matunda kama papai, iwapo anaweza kula. Kichefuchefu na usingizi wa siku za kwanza mara nyingi hupungua.

5. Akilala usingizi mzito hata haamki ukimwita, au pumzi zake zikawa chache na za taratibu mno kuliko kawaida yake, usimpe dozi nyingine. Tafuta msaada wa hospitali mara moja.

6. Ifungie chupa mahali ambapo watoto hawafiki, na usimpe mtu mwingine hata akiumwa. Mgonjwa akifariki, rudisha dawa iliyobaki hospitalini.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Morfini imejulikana kwa miaka zaidi ya 200. Sindano ya mgongo yenye morfini imetumika kwa wagonjwa wa saratani tangu mwaka 1979, na inawafaa wachache wenye maumivu magumu. Morfini ya kunywa inawafaa wengi, na inaweza kutumika nyumbani, hata kule milimani. Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya huduma bora ya afya iwezekanavyo, na anayekaribia kuaga dunia hakutengwa.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Maumivu yakifichwa chumbani hayapati dawa. Yaseme hospitalini, yaseme kwa mhudumu wa afya, yaseme mapema.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Je, katika kijiji chetu kuna mgonjwa anayelia usiku kwa maumivu? Nani ataandamana na mlezi wake kwenda hospitalini? Watu wetu husema nini wakisikia neno morfini, nasi tutawajibu vipi?

Tukutane tena katika mazungumzo yajayo. Mpaka hapo, mtunze mgonjwa wako, nawe pia ujitunze, kwani mlezi aliyechoka naye anahitaji kupumzika.